Matairi Yaliyotangulia kwa Basi

Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa kuzunguka kusini, yaani kupitia Iringa, Mbeya, Tunduma, Sumbawanga, Mpanda na Uvinza, ni zaidi ya kilomita 1,600. Sehemu kubwa ni lami, tena lami yenye malori ya Zambia na Kongo usiku na mchana. Baada ya Mpanda, wakati tulipopita sisi, lami ilikuwa inakatikia Vikonge na kukuachia vumbi, mchanga na changarawe hadi Uvinza. Tairi linalofaa nusu ya kwanza ya safari hii linakuhangaisha nusu ya pili. Ndiyo maana, kabla ya kugusa habari za mabegi, vioo vya upepo wala taa za ziada, tulikaa jioni nyingi tukibishana juu ya matairi.

Tulikuwa watatu. Mimi nina Yamaha XT660Z, ile iitwayo Ténéré, silinda moja, tangi la lita 23. Shemeji yangu anaendesha BMW R 1200 GS, ambayo gurudumu lake la nyuma linazungushwa na shafti badala ya cheni. Wa tatu ni dada mmoja wa Arusha, daktari wa mifugo, mwenye Honda Africa Twin ya cc 998. Sote tumekaa na pikipiki hizi kwa miaka, tumezifunga vifaa na kuvifungua tena, hivyo kila mmoja alikuwa na msimamo wake na hakuwa tayari kuuachia kirahisi.

Shida ya mwenye pikipiki kubwa Tanzania ni kipimo kuliko hata bei. Ukiingia Kariakoo utakuta matairi ya bodaboda yamepangwa hadi darini: 2.75-17, 3.00-17, 3.00-18, ya Boxer na ya mashine za Kichina, kashata za kila mtindo. Uliza 150/70-18 ya Africa Twin au 130/80-17 ya Yamaha yangu, muuzaji atakutazama kwa huruma, kisha atakuomba namba ya simu. Matairi yetu huagizwa Nairobi, Afrika Kusini, Dubai au Ulaya, na mengine huja ndani ya mzigo wa ndugu anayerudi nyumbani. Jambo hili linaniuma, kwa sababu pikipiki hizi zimebeba majina ya bara letu. Ténéré ni jangwa la Niger. Africa Twin ilizaliwa kutokana na mashine ya Honda iliyoshinda mbio za Paris–Dakar mara nne mfululizo, mwaka 1986 hadi 1989. Zimepata sifa kwenye mchanga wa Afrika, halafu mtu wa Tabora au Singida hana mahali pa kununua tairi lake.

Kwa kuwa matairi haya hayatoki haraka dukani, hukaa rafuni muda mrefu, na mpira huzeeka hata usipotembea. Joto la Dar linatosha. Ubavuni mwa tairi tafuta herufi DOT, na mwishoni mwa mstari huo utaona tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake tairi limetoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Katika duka moja mjini nililetewa tairi la nyuma likiwa limefungwa nailoni, linang'aa, kwa bei ya tairi jipya. Nililipangusa, nikasoma tarakimu, lilikuwa na umri wa miaka minane. Nikamrudishia mwenyewe kwa heshima na kuondoka.

Namba nyingine ya kusoma ubavuni ni ile ya uzito. Kwenye tairi langu la mbele, 90/90-21, imeandikwa 54, maana yake linabeba kilo 212. La nyuma limeandikwa 65, nalo ni kilo 290. Ukijumlisha pikipiki yenyewe, wewe, mafuta, maji, hema, vipuri na masanduku, na ukikumbuka kwamba karibu mzigo wote unakaa nyuma, utaelewa kwa nini kifaa chochote nakihesabu kwanza kwa kilo, shilingi baadaye.

Basi kila mmoja akashika lake. Dada alifunga Heidenau K60 Scout, tairi la Ujerumani lenye mpira mgumu na kashata za mshazari, kwa nia ya kwenda nalo mwanzo hadi mwisho. Shemeji alibaki na matairi ya lami, akiamini kwamba akipunguza upepo kidogo yatamvusha vumbi. Mimi niliondoka Dar na matairi ya lami, huku seti ya Continental TKC 80, yenye meno makubwa yaliyoachana, nimeitanguliza kwa basi la Mbeya. Tairi la meno ya namna hiyo linashika udongo vizuri mno, lakini kilomita mia nane na zaidi za lami ya moto zinalila kabla hujaonja vumbi lenyewe. Kondakta aliyafunga mawili pamoja kwa kamba, akayapachika risiti, akaniambia nisiwe na wasiwasi, yatafika kabla yangu.

Vifaa vingine tulivimalizia Gerezani, hapohapo Dar. Shemeji ana masanduku ya aluminiamu, ya aina iliyopata umaarufu mkubwa baada ya waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman kuteremka kutoka Scotland hadi Cape Town mwaka 2007 kwa BMW kama yake, wakipita na Tanzania. Ni masanduku mazuri. Yanafungwa kwa ufunguo, mvua haiingii, na jioni unayageuza kiti. Mimi na dada tunatumia mabegi laini ya turubai lisilopitisha maji. Sababu yangu ni mguu. Mchangani unashusha miguu ili kujizuia, na sanduku gumu liko nyuma ya ugoko wako. Pikipiki ikilala ghafla, mguu unabaki katikati ya sanduku na ardhi. Begi laini linakubali kubonyea. Hata hivyo, begi laini bila fremu linaning'inia na kugusa bomba la moshi, kwa hiyo nilihitaji keria ya pembeni.

Mzee aliyenichomelea aliitengeneza kwa bomba la chuma la kawaida, alilolikunja kwa mkono huku akilipimia kwenye pikipiki yenyewe.

"Shikamoo, mzee. Hili halitakuwa zito?"

"Marahaba, mwanangu. Litakuwa zito kidogo. Lakini likivunjika huko Mpanda, yule anayechomelea mageti atalichomelea. Hiyo aluminiamu ya mwenzio, nani atakuchomelea njiani?"

Nimesoma maelezo mengi ya vifaa vya pikipiki, ya Kijerumani, ya Kiitaliano na ya Kijapani, lakini kipimo nilichokipata Gerezani ndicho ninachokitumia hadi leo. Kifaa kikiharibika, nani atakitengeneza, na yuko umbali gani? Kwa kipimo hicho nilikubali gadi za chuma za kukinga injini na bamba la chini la kukinga mawe, nikakataa keria ya bei mbaya iliyoletwa kwa ndege. Na kwa kipimo hichohicho niliongeza kitu ambacho bodaboda wote wanacho na wenye pikipiki kubwa wengi hawana: mipira mirefu iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu. Inavutika, haichani begi, na ikikatika unakata mwingine.

Tuliondoka kabla ya jua kuchomoza ili tuipite Kibaha na Chalinze malori yakiwa bado machache. Morogoro tulikunywa chai, Mikumi tukapunguza mwendo. Barabara kuu inaikata hifadhi kwa kilomita 50 hivi, mwendo umewekewa kikomo cha chini, na anayemgonga mnyama hulipa faini kulingana na mnyama. Kwenye pikipiki mwendo huo una raha yake, maana pundamilia wako pale, huna kioo cha gari kati yenu, na unasikia hata harufu ya tembo kabla hujamwona.

Bonde la Ruaha, kwenye mibuyu, ndipo joto lilipotuwakia. Tulisimama kujaza mafuta, na kijana wa pampu, mtu mwema kabisa, akapima matairi yangu.

"Kaka, upepo umezidi hapa. Nipunguze?"

Nilimshukuru nikamwambia aache. Tairi lililotembea kwenye lami ya moto linasoma zaidi ya lilivyosoma alfajiri, kwa sababu hewa iliyomo imepata joto. Ukiipunguza saa nane mchana, kesho asubuhi utaanza safari tairi likiwa legelege, linakunjika ubavu, linapata joto zaidi, na mzigo wote unaligandamiza. Upepo hupimwa asubuhi, tairi likiwa la baridi, na hupimwa kwa kipimo chako mwenyewe, maana vipimo vya vituo vya mafuta havikubaliani. Kipimo changu ni kidogo, kinaingia mfuko wa shati. Katika vitu vyote nilivyowahi kununua kwa ajili ya pikipiki, hakuna kilichonilipa zaidi ya hicho.

Mlima Kitonga tuliupanda nyuma ya foleni ya malori. Hapo kioo cha upepo kilipata hukumu yake. Lori linaposhuka likapishana nawe, upepo wake hukupiga kifuani na kukuyumbisha, na kioo kirefu alichokuwa nacho Shemeji kilimlinda vizuri sana. Mimi nina kifupi, kinachopeleka upepo begani. Tofauti ilikuwa masikioni. Kioo kisicho cha urefu wako kinatupa upepo uliovurugika kwenye helmeti, na kelele ya upepo ndani ya helmeti katika mwendo wa barabara kuu inaweza kufikia desibeli 100. Dada, ambaye kioo chake kinamfika kidevuni, huvaa vizibo vya masikio tangu anapowasha injini. Alinipa jozi pale Ilula, tuliposimama kununua nyanya, na nilipofika Iringa kichwa changu kilikuwa kimetulia kuliko kilivyowahi kuwa kwenye njia hiyo. Vizibo vile ni bei ya soda. Kioo ni bei ya mbuzi wawili, na inabidi ukijaribu kwa kimo chako mwenyewe kabla ya kulipa.

Kuanzia Mafinga hali ya hewa ikageuka. Watu wa Pwani hawaamini nikiwaambia kwamba kifaa ninachokipenda kuliko vyote kwenye Yamaha yangu ni vishikio vya usukani vinavyopata moto kwa umeme. Waje Makambako mwezi wa saba, asubuhi, upepo ukivuka nyanda bila kizuizi. Vidole vikiganda, huwezi kukamata klachi sawasawa, na breki ya mbele unaivuta kwa kukisia. Mbele ya vishikio nina vikinga mkono vya plastiki ngumu vyenye ubavu wa aluminiamu. Vilinunuliwa kwa ajili ya matawi ya miti, lakini huku vinazuia upepo. Dada alivaa glavu mbili, moja juu ya nyingine, na tulipofika Igawa hakuwa na hamu ya kuongea mpaka apate uji.

Mbeya matairi yalikuwa yamefika. Niliyachukua ofisi ya vifurushi, nikayapeleka kwa fundi pancha pembeni mwa kijiwe cha bodaboda, Uyole. Kibanda chake kilikuwa na kompresa, beseni la maji na vyuma viwili vya kubandulia tairi vilivyotengenezwa kwa springi ya gari. Hakuwahi kufunga tairi la ukubwa ule, lakini aliligeuza mkononi, akatafuta mshale wa mzunguko, akasema, "Kaka, kazi ni ileile, nguvu tu ndiyo itaongezeka." Na kweli alijua kazi. Alipaka povu la sabuni kwenye kingo za tairi. Alipiga magoti upande mmoja ili ukingo uzame katikati ya rimu, pale penye bonde, ndipo akaanza kuubandua upande wa pili kwa hatua ndogondogo, bila kutumia mabavu. Tyubu aliitia upepo kidogo kabla ya kuiingiza, isijikunje. Sehemu ya mwisho ya ukingo aliiacha iwe palepale kwenye vali, kwa sababu hapo tyubu ni nene na ukingo hauzami vizuri. Akaisukuma vali juu kwa kidole gumba, chuma kikapita, tairi likaingia. Alipojaza upepo ukingo ukaruka mahali pake kwa kishindo, na ule mstari mwembamba unaozunguka ubavu ukaonekana sawasawa pande zote. Nati ya vali hakuikaza hadi kwenye rimu. Aliirudisha nyuma ikafunga kofia ya vali. Nilimuuliza sababu, ingawa ninaijua. "Tairi likizunguka ndani ya rimu, vali italala. Ukiiona imelala unajua mapema. Ukiikaza, itang'oka na tyubu imekwisha."

Nilimwachia vyuma vyangu viwili vya kubandulia, vilivyolainishwa ncha, kwa sababu vile vya springi vinakwangua rimu. Matairi ya lami yakarudi Dar kwa basi lilelile.

Tunduma hadi Sumbawanga ni lami nzuri inayopanda na kushuka kwenye uwanda wa Ufipa. Meno ya tairi langu yalinguruma njia nzima na usukani ulikuwa mwepesi kupita kiasi kwenye kona, nikapunguza mwendo nikayazoea. Kabla ya kufika Laela, Shemeji alipata msumari nyuma. Rimu za BMW yake zina spoki, lakini spoki hizo zimefungwa kwenye kingo za rimu, nje ya sehemu inayoshika hewa, kwa hiyo hazihitaji tyubu. Aling'oa msumari kwa koleo, akasugua tundu, akasukuma ndani kijikamba chenye gundi, akakata kilichobaki, akajaza upepo kwa pampu ndogo ya umeme iliyochomekwa kwenye betri. Hata gurudumu halikufunguliwa. Mimi na dada, wenye tyubu, tulisimama tunatazama tukijua zamu yetu ingekuwa ndefu kuliko hiyo.

Niitaje pia simu, maana kila mtu siku hizi anaifunga kwenye usukani ili aone ramani. Injini ya silinda moja inatetemesha usukani kutwa nzima, na kamera za simu za kisasa zina kijisehemu kidogo kinachoelea ili picha isitikisike. Mwaka 2021 kampuni ya Apple yenyewe ilitoa tahadhari kwamba mtetemo wa pikipiki zenye injini kubwa unaweza kukiharibu. Simu yangu inakaa mfukoni, sauti ya ramani inaniongoza kwenye sikio moja. Na kwenye njia hii, kusema kweli, hakuna kona nyingi za kupotea.

Katavi ndiko nguo zilikokuwa kifaa muhimu kuliko chuma chochote. Mbung'o wa hifadhi ile wanafuata kitu kinachotembea, na pikipiki inayokwenda polepole kwenye kivuli cha miombo wanaipokea kwa kundi. Dada alikuwa ametuonya tangu Sumbawanga. Kama daktari wa mifugo amekaa miaka akitega mbung'o, na alitueleza kwamba mitego yao hutengenezwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi kwa sababu rangi hizo ndizo zinazowavuta. Jaketi la Shemeji lilikuwa jeusi lenye mabega ya buluu. Alilifunika kwa fulana pana ya rangi ya udongo aliyoinunua mnadani, lakini mbung'o walikwisha kumwandama, na mdomo wao unapenya kitambaa cha kawaida bila shida. Jaketi langu la turubai nene, rangi ya mchanga, liliwashinda sehemu kubwa. Waliingia shingoni tu. Wanaouza jaketi za safari husifia ugumu wa viwiko na mabega, na wana haki, lakini anayepita Katavi, Ruaha au Selous azingatie rangi kwanza. Ugonjwa wa malale si hadithi, na nagana inaua ng'ombe wa watu hadi leo. Tulipumua Sitalike, juu ya daraja la mto Katuma, viboko wakiwa wamejazana chini yetu kwenye tope lililobaki.

Kutoka Vikonge ardhi ikabadilika. Juu ya njia kuna vijituta vidogovidogo vilivyopangana kama ubao wa kufulia, na kwenye mabonde kuna vumbi laini lenye kina cha kifundo cha mguu, linaloficha mawe. Tulishusha upepo: mbele 25, nyuma 28. Chini ya hapo, kwa wenye tyubu, jiwe litaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili kwa mpigo. Hapa ndipo tairi langu lilipoonyesha kazi yake. Meno yalizama, yakashika, na nilipovuta mafuta gurudumu la nyuma lilisukuma mbele badala ya kwenda ubavu. Nilisimama kwenye vikanyagio, magoti yameshika tangi, nikaiacha Yamaha ichague njia. Tairi la dada halikushika kama langu, lakini lilikwenda moja kwa moja na halikumtisha. Shemeji aliteseka. Tairi la lami la mbele halina cha kukatia vumbi, linaelea juu yake kisha linachota upande. Mara mbili alijiokoa kwa miguu. Mara ya tatu BMW ikalala ubavu wa kushoto, na bahati ikawa ni buti nzito alizovaa, maana sanduku lilitua palepale nilipokuwa nimesema Gerezani, juu ya shavu la mguu. Buti ziliokoa mfupa. Sanduku lilipinda hadi mfuniko ukakataa kufunga, na kishikizo cha chuma kinachoibeba fremu yake kikakatika.

Kijana mmoja alitusaidia kuinyanyua, mwenyeji wa upande wa Mishamo, makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi. Baba yake ana mashine ya kuchomelea inayotumia jenereta. Kishikizo, kwa kuwa ni chuma, kikashonwa kwa muda wa kunywa chai. Sanduku la aluminiamu yule mzee alilitazama, akaligonga kwa kiganja, akasema, "Hili mlifunge kamba, wanangu, sina dawa yake." Tukalifunga kwa mipira ya tyubu, na lilifika Kigoma hivyohivyo.

Pancha ya dada ilikuja karibu na Uvinza. Msumari wa inchi tatu uliingia tairi la nyuma, na kabla hajahisi kuyumba, tyubu ilikwisha chanika kando ya vali, mahali ambapo kiraka na solusheni havishiki. Ubavu wa K60 ni mgumu, na kuubandua kwa nguvu za mikono ilikuwa kazi bure. Tulilaza gurudumu chini ya Yamaha, tukaishusha stendi yake ya pembeni juu ya ukingo wa tairi, tukaegemea, na uzito wa pikipiki ukaubandua. Tyubu ya akiba aliyokuwa nayo dada ilikuwa ya inchi 21, ya mbele, wakati gurudumu la nyuma ni la inchi 18. Ndivyo alivyokusudia. Tyubu ya 21 ni nyembamba na ndefu, ukiitia kwenye 18 au 17 inajikunja kidogo lakini inakaa, na inakufikisha mjini ukienda taratibu. Tyubu ya 18 huwezi kuivuta hadi 21 kwa usalama. Kwa hiyo anayebeba tyubu moja tu, abebe ya mbele. Tena tyubu za 21 zinapatikana vijijini kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu Yamaha DT na Honda XL za maofisa ugani, wauguzi na wamisionari zina gurudumu la mbele la ukubwa huo. Tuliupapasa mpira wote kwa ndani kwa kutumia kitambaa, kutafuta kama kuna ncha nyingine iliyobaki, kisha tukafunga. Tulivuka daraja la Malagarasi jua likizama, tukaingia kwenye lami ya Kidahwe kwa mwendo wa bodaboda mwenye abiria mjamzito.

Kigoma tuliosha pikipiki, tukapima kashata. Matairi ya dada yalikuwa karibu kama yalivyotoka Dar, yamepungua kidogo katikati. Yangu, yaliyoanzia Mbeya tu, meno ya katikati nyuma yalikuwa yameliwa hadi nusu, mengi yakiwa yameliwa kwenye lami ya Ufipa. Ya Shemeji yalikuwa mazima kashata, lakini yamekatwakatwa na mawe ubavuni. Kwa njia hii, na kwa jinsi lami inavyozidi kusogea kila mwaka, dada ndiye aliyekuwa na haki, na nilimwambia hivyo mezani mbele ya Shemeji. Mtu anayekwenda kukaa vumbini wiki nzima, tuseme Rungwa au Itigi, bado ningemshauri atangulize meno yake kwa basi.

Jioni ileile tuliandika oda ya pamoja kwa muuzaji wa Nairobi, maana mzigo mmoja unapunguza gharama za kusafirisha. Matairi mawili ya mbele ya 90/90-21, kwa kuwa Yamaha na Africa Twin zinatumia kipimo kimoja. Moja la nyuma la 130/80-17, la mpira mgumu safari hii. Seti ya BMW, 110/80-19 na 150/70-17, ya kashata za mchanganyiko. Tyubu nene tatu za inchi 21. Shemeji akaongeza mabegi laini. Chini ya orodha dada akaandika sharti kwa herufi kubwa, kwamba kabla ya malipo tutumiwe picha ya tarakimu za DOT za kila tairi, na lililozidi mwaka mmoja lisipakiwe.